Mpishi Aliyeponya Milonge

Kila nikitaka kumweleza mtu habari za Mpishi, huanzia kwenye viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vimepigwa rangi hadi vinang'aa, na katika miaka yote niliyokuwa jirani yake Kinondoni sikuwahi kuviona miguuni mwake. Alivivaa kwa Wazungu tu. Akitoka kazini Uzunguni, alivivua pale lami inapoishia, akazifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni, akaingia mtaani pekupeku na kanzu yake nyeupe na mkanda mwekundu, viatu vikimgonga kifua huku na huku. Ukimuuliza, alisema mchanga wetu hauna adabu kwa viatu.

Ukimwamkia na kumuuliza habari za kazini, hakujibu nzuri wala mbaya. Alijibu alichopika.

"Leo supu nyembamba, samaki wa kuchovya kwenye unga, na kile kitu kitamu cha mayai kinachotetemeka. Kimetetemeka vizuri."

Hapo ulijua siku yake imekuwa njema. Akisema, "Kimeanguka," ulimpisha njia na kunyamaza.

Mtaa mzima ulimwita Mpishi, hata mke wake. Mimi nilimwita Mzee mbele yake na Mpishi nyuma yake, na yeye aliniita Fundi, kwa sababu natengeneza saa. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilifungua saa mbovu ya mjomba wangu nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka ikakubali. Kusoma nako nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Nayasema haya ili nieleweke mapema: mtu aliyejifunza mwenyewe hana wa kumwambia "basi, inatosha," kwa hiyo haachi. Saa ikishapona mimi huifungua tena kuhakikisha kwamba imepona. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Mpishi alikuwa akiniona narudi, anacheka kutoka kibarazani kwake: "Upo, Fundi, mlango upo! Haujaondoka!"

Kilichomfanya ajulikane mpaka Manzese ni mizizi. Wazungu wake walipenda nyama ya ng'ombe ya kuoka, na pembeni ya nyama walitaka mchuzi mweupe mkali, ambao kwao hutengenezwa kwa mzizi fulani usioota huku. Mpishi aligundua mwenyewe, au aliambiwa na mpishi mwenzake, maana hadithi ilibadilika kila alipoisimulia, kwamba mzizi wa mlonge mchanga una ukali uleule. Aliumenya, akaukuna kwenye bati lenye matundu, akachanganya na siki na maziwa mazito.

"Wanakula wanalia," alituambia. "Bwana analia, Memsabu analia, mgeni wao analia. Wanafuta macho kwa vitambaa. Halafu wananiita: Mpishi, lete tena! Mie sijaona watu wanaopenda msiba mezani kama wale."

Sisi wengine tuliujua mlonge kwa juu. Majani ni mboga, maua ni mboga, matawi ukiyachomeka ardhini yanakuwa nguzo za ua. Yeye aliujua kwa chini. Kila mche aliopita karibu nao aliutazama kama mchinjaji anavyotazama mbuzi wa jirani. Wanawake wa mtaani walipomwona akija waliifunika miche yao kwa vikapu na kupigiana kelele, "Mpishi huyo! Funika!" Naye hujibu bila kugeuka, "Enyi kina mama, sili wana wenu, nawaonja tu!"

Mtu aliyelisha Wazungu hivyo, nyumbani kwake hakuruhusiwa kukaribia mafiga. Mkewe alimkataza tangu zamani. Alisema yule mtu akitaka kupika yai moja anachafua vyombo vya nyumba nzima, kisha anasimama mlangoni kungoja asifiwe. Kwa hiyo Mpishi alikula ugali na majani ya mlonge yaliyopikwa kwa tui la nazi, karibu kila siku, na akalamba vidole. Nilimuuliza kama hatamani vile vitu vyake vinavyotetemeka. Alinishangaa. "Kile ni kazi," alisema. "Wewe ukirudi nyumbani unakula saa?"

Mara moja tu mkewe alimwachia jiko, siku watu walipokuja kumposa binti yao. Nilikuwepo. Mpishi aliwakalisha wazee wa upande wa mwanamume kwenye mkeka, akawaletea supu, supu peke yake, kila mtu na sahani yake. Wazee wakanywa. Akakusanya sahani, akaingia ndani, akaanza kuipanga nyama kwenye sinia kwa namna ya Uzunguni, kipande juu ya kipande, na karoti zilizochongwa kama maua. Kule nje wazee walingoja. Wakatazamana. Mmoja akadhani wenyeji hawana kingine, akaona aibu kuendelea kungoja, akasoma dua ya kushukuru, wakainuka, wakaondoka. Mpishi akatoka na sinia lake begani akakuta mkeka.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamekula, wameshukuru, wamekwenda," mkewe alimjibu.

"Wamekula nini?"

"Maji yako."

Majirani tuliila nyama ile mpaka kesho yake. Binti aliolewa vilevile, lakini kwa muda mrefu upande wa mume ulisimulia kwamba kwa Mpishi mgeni anapewa maji ya vitunguu na kuagwa. Yeye hakuona kosa lake. Alisema watu wale hawajui kukaa.

Nilichompendea, na kilichonichosha vilevile, ni kwamba alikuwa na sababu ya kila kitu, na sababu zake zote zilitoka jikoni. Mvua ikichelewa, wingu halijachemka. Saa yangu ikichelewa, mafuta yake yamepoa. Mtu akikasirika upesi, mama yake alimtoa motoni kabla hajaiva. Na alikuwa na sheria moja asiyoivumilia kuvunjwa: usifunue sufuria kabla ya wakati wake. Ukifunua, atakupiga mkono. Lakini mtu huyohuyo aliweza kuchimbua mche wa mlonge ulioota juzi ili aone kama mzizi umeanza kunenepa, kisha akaurudisha ardhini na kuupapasa kama aliyeuomba radhi.

Sasa nieleze jambo lililotufunga pamoja. Nilikuwa na kibaraza changu cha kazi Kariakoo, na siku moja akaja msichana na saa ya mezani ya shangazi yake, isiyopiga. Anaitwa Zuhura. Ile saa ningeweza kuitengeneza akiwa amesimama palepale. Nilimwambia arudi kesho, ili arudi. Aliporudi nikamwambia arudi tena. Safari iliyofuata akaniuliza, "Fundi, saa ndiyo mbovu au wewe?" Nikaenda moja kwa moja kwa Mpishi kumwomba awe mshenga wangu, kwa sababu mimi mbele za watu wazima hukauka koo, na yeye hakukauka popote.

Posa ilikwenda vizuri mpaka Shangazi alipokuja Kinondoni kuitazama nyumba. Zuhura alilelewa naye Magomeni, na neno la mwisho lilikuwa lake. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepaza sauti. Nilikuwa nimefagia mpaka mchanga ukaona haya. Nikamkalisha uani, penye kivuli, nikampa kahawa. Ua wangu ulikuwa wa makuti yaliyofungwa kwenye nguzo kavu, na nguzo zile kwa nje zilionekana nzima. Ndani mchwa walikuwa wamezimaliza. Mbuzi wa jirani akaja kujikuna mgongo kwenye makuti. Upande mzima ukalala chini, polepole, kama mtu anayetafuta pa kupumzika, na bafu langu likabaki wazi kwa mtaa mzima.

Mimi nilikauka koo. Mpishi akawahi. "Hewa hiyo, Bi Mkubwa. Nyumba ya siku hizi inataka hewa."

"Mwanangu aoge hewani?" Shangazi aliuliza.

Akamaliza kahawa yake, akatoa masharti. Nguzo kavu hazitaki, ni chakula cha mchwa. Anataka ua wenye nguzo zilizo hai, zenye majani yake, zimesimama zenyewe kabla mvua za vuli hazijaanza. Akizikuta, ndoa ipo. Asipozikuta, anampeleka Zuhura Kisarawe, ambako kuna mtu mzima mwenye mikorosho mingi na ua wa mawe, naye anangoja jibu.

"Utazikuta," Mpishi alisema. "Na mboga utachuma hapohapo."

Ua wa milonge kila mtu anaujua: unakata matawi, unayachomeka, yanachipua. Mpishi alikataa. Alisema tawi halina mzizi wa katikati, upepo wa kusi utalilaza, na Shangazi ameshaona ua ukilala, asionyeshwe tena. Nipande mbegu, mbili mbili kila shimo. Zikikua, mmoja nguzo yangu, mmoja mzizi wake. Nilijua anapigania mchuzi wa Wazungu wake, lakini maneno ya mzizi wa katikati yalikuwa na ukweli ndani yake, na mtu anayetaka kuoa hukubali upesi.

Nilipanda kwa namna yangu. Nilivuta uzi kutoka pembe hadi pembe. Nilichimba mashimo ya upana mmoja na kina kimoja, nikayapapasa kingo mpaka yakawa mazuri kama mabakuli. Juu palikuwa mchanga, chini nilifikia udongo mzito wa mfinyanzi, nikafurahi, nikasema huu utashika maji. Mbegu zikaota upesi, miche ikafika magotini, na nilikuwa nikiimwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Jua likiwa kali nilimwomba mke wa Mpishi aongeze mchana.

Kisha majani yakaanza kugeuka manjano. Yalianza ya chini, yakapanda. Ukiyagusa yanadondoka mkononi, madogomadogo, kama yaliyokuwa yakingoja kisingizio. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya kila mche na kioo changu cha kutazamia saa, na kila asubuhi niliona manjano imesogea juu.

Mtaa ulikuwa na maoni. Mama mmoja alisema ni jicho, maana mche mzuri unaoneshwa watu mno. Mwingine alisema ni chumvi ya ardhini. Mwingine alinitazama nikichuchumaa na kioo akasema, "Hata mie ningenyauka ningetazamwa hivyo." Lakini mimi nilimsikiliza Mpishi, na Mpishi alikuwa na sababu nyingi. Kwanza ilikuwa njaa, tukaweka majivu. Kisha ilikuwa baridi; tukaiwekea matandazo ya nyasi. Kisha ilikuwa kiu.

"Mboga ikikosa maji sufuriani inageuka rangi gani?" aliniuliza.

"Manjano, Mzee."

"Haya basi."

Nikaongeza maji. Manjano ikaongezeka. Ndipo akaja na kopo la maji aliyochemshia nyama ya chumvi Uzunguni, kwa kuwa chumvi huleta hamu ya kula. Akaimwagia miche ya pembe ya choo. Baada ya siku chache miche ile ikabaki vijiti, haina hata jani.

"Imeshiba," Mpishi alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Siku hiyo nilishindwa kuvumilia, nikang'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa laini, umepiga weusi, unanuka mtaro. Nilimpa. Akaunusa, akaumenya kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Huu haufai hata kwa Wazungu," alisema. Akaenda kwake bila kuongeza neno. Mtu yule kwenda bila kuongeza neno kulinitisha kuliko mzizi.

Kama tungepanda matawi upya wakati ule, kwa jua lile, yasingeshika kabla ya vuli, na habari zilikuwa zimefika Magomeni. Mpishi alikwenda kumtuliza Shangazi, nami nikamfuata nyuma kama mzigo.

"Nasikia miti ya Fundi ina homa ya manjano," Shangazi alisema.

"Homa? Bi Mkubwa, ile ni mbegu ya kifahari. Rangi yake ndiyo hiyo."

"Ya kifahari au marehemu?"

"Bi Mkubwa, nipe mpaka vuli. Ndiyo tulivyoahidiana."

"Nimekupa mpaka vuli," alisema. "Kisarawe nako wananipa mpaka vuli." Zuhura alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, hakuinua kichwa, lakini niliona mkono wake umesimama juu ya ungo.

Juu ya hayo, tajiri mwenye duka ninalofanyia kazi kibarazani pake akanituma Kilosa. Kwenye mashamba ya mkonge kulikuwa na saa za ukutani za ofisi nyingi, zote mbovu, na kazi ingenichukua mwezi na zaidi. Kukataa ningepoteza kibaraza. Nilikwenda kwa Mpishi na kopo, nimelichora mstari kwa msumari: maji yafike hapa, asubuhi na jioni, yamiminwe taratibu, yasiguse shina. Nikamweleza, nikarudia kumweleza, nikaondoka, nikarudi toka njiani kumweleza tena.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mie nimelea keki ambazo ukipiga chafya zinaanguka. Nitashindwa na mti?"

Kilosa nilitengeneza saa huku moyo uko Kinondoni. Kila saa niliyoifanya iende ilikuwa inanikumbusha kwamba siku zinakwenda. Nilipomaliza nikapanda gari moshi, nikashuka Dar es Salaam, nikatia sanduku kichwani, nikatembea mpaka Kinondoni nikiwa nimeshajitayarisha kuona safu ya vijiti vikavu na kujifunza kuishi bila Zuhura.

Niliona kijani kutoka mbali. Miche ilikuwa imenifika kifuani, hata vile vijiti vya pembe ya choo vimechipua. Majani mapya yamejaa, laini, ya kijani kile cha mlonge kinachoonekana kama kimeoshwa sasa hivi. Na katikati yake amesimama Mpishi, kopo langu mkononi, maji yakidondoka.

"Karibu!" alisema. "Pita pembeni, usikanyage, ndiyo kwanza nimemaliza kuinywesha."

Nilimshika mikono yote miwili. Naona aibu kuandika kwamba nililia, lakini nililia, naye akaniacha nilie kama anavyowaacha Wazungu wake. Kisha akaeleza. Alisema siri ni uvuguvugu: maji yasiwe baridi wala moto, uyapime kwa kiwiko. Alisema pia unasema nayo, kwa sauti ya chini, kama unavyosema na maziwa yasikatike. Mtaa ukaja kusikia. Kwa muda mrefu baada ya hapo ungeweza kuwaona wanawake wa Kinondoni wanachovya kiwiko kwenye kopo kabla ya kumwagilia miti, na mmoja alikuwa akiuamkia mlonge wake kila asubuhi.

Shangazi alikuja kabla ya mvua. Alipita nguzo kwa nguzo, akatikisa shina moja moja, akachuma majani ya kutosha chungu kimoja, akayafunga kwenye pindo la kanga. Hakumsifu mtu. Alisema tu, "Tutafute siku."

Tukaoana. Mpishi aliomba aandae chakula cha harusi, wanawake wa pande zote mbili wakakataa kwa sauti moja, wakapika pilau na kuipakua yote kwa mara moja. Naye akala kwa furaha, akisema chakula kina makosa mengi ila kimeiva. Wakati ulipofika wa kupunguza miche, aliichukua yake mmoja mmoja kutoka kila shimo, akajaza kikapu, na sikukuu ya Wazungu iliyofuata, kwa maneno yake, Uzunguni hakukuwa na jicho kavu.

Mwaka jana Wazungu wake walirudi kwao Ulaya, naye akaacha kazi, akahamia Temeke kwa binti yake. Sisi tukapata mtoto. Hapa tena niseme ukweli wangu: mtoto alipozaliwa nilishindwa kufanya kazi. Nilimwekea sikio kifuani kama ninavyoiwekea saa. Akilala nilimgusa nijue kama analala. Akiamka nilitaka kujua kimemwamsha nini. Zuhura alinivumilia. Asubuhi moja alifunga majani ya mlonge kwenye kitambaa, akanitia mkononi.

"Nenda Temeke kamwamkie Mpishi. Ukae naye, mzungumze. Rudi jioni."

Nilimkuta kwenye jamvi nje ya nyumba ya binti yake. Alikuwa amepungua mwili, na macho hayaoni vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani? Fundi! Sauti yako imenenepa, unalishwa." Nikamuuliza hali, akanieleza binti amepika nini, na kwamba chumvi ilizidi kidogo lakini hatamwambia.

Nikampa majani, nikampa habari za mtoto, na hofu yangu yote nikaimwaga pale. Nikamwomba kitu nilichokuwa nimekitaka siku nyingi. "Mzee, ile milonge ilikuwa inanifia mimi. Ukaishika wewe, ikapona. Niambie ukweli, bila ya kiwiko. Mkono wako una nini?"

Alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena, mpaka binti yake akachungulia.

"Mwanangu," alisema, "mie sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Kinondoni. Wewe umepanda gari moshi leo, kesho yake Memsabu kasema tufunge vyombo, wanakwenda kupumzika Lushoto, na mie mpishi wao niende. Mke wangu naye akaja huku kwa binti. Nyumba yako umeifunga, yangu nimeifunga."

"Na milonge?"

"Nilisahau. Wallahi nilisahau, mpaka siku ya kurudi. Njia nzima natunga maneno ya kukupa pole, natunga na ya kumwambia yule Bi Mkubwa. Nafika, naona kijani! Nikadhani nimekosea nyumba. Kugeuka, nakuona wewe unatokea kule na sanduku kichwani. Nikakimbilia kopo."

"Maji ulipata wapi?"

"Nilikuwa nayo ya kunawa uso."

Nikamuuliza, basi nani aliyeimwagilia mwezi mzima.

"Hakuna. Ndiyo dawa yenyewe. Nimefikiri sana tangu siku ile, mie na wewe tulikuwa tunafanya nini. Mlonge ni mti wa pakavu. Mashimo yako yalikuwa mabakuli, chini mfinyanzi, maji hayana pa kwenda. Mizizi ilikaa dimbwini inaoza, majani yanaomba msamaha kwa kugeuka manjano, na mie nakwambia ongeza! Tulipoondoka wote wawili, ikapumua."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unaoa. Hata majirani waliouliza mbona sikuonekana niliwaambia nilikuwa naimwagilia usiku. Mshenga akionekana mwongo, posa itasimama wapi?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mbali kote kule, kwa sababu nilitaka kufikiri nitamwambiaje Zuhura. Ndoa yangu ilikuwa imesimama juu ya ua uliooteshwa na mtu asiyekuwepo. Shangazi alitaka kuona matunzo, na matunzo hayakuwepo. Nilimkuta Zuhura amekaa mlangoni pa chumba, anatengeneza pindo la nguo ya mtoto. Nikamweleza yote bila kupumzika.

Hakushtuka. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Tulipita hapa na Shangazi ulipokuwa Kilosa, tunakwenda kwenye ngoma. Akasema tuingie tuone hao marehemu. Kwako kumefungwa, kwa Mpishi kumefungwa, hakuna mtu. Milonge imesimama, kijani tele. Shangazi akachomeka kidole ardhini, pakavu kabisa. Akasimama palepale akifikiri. Kisha akaniambia: 'Huyu mwanamume anafaa, ana moyo. Ila uwe unamtumatuma. Akikaa nyumbani ataua hata jiwe.' Tukatoka, na jioni ileile akapeleka jibu Kisarawe kwamba nimeshapata mume."

Nikakumbuka nyanya nilizotumwa Kariakoo wakati jirani anauza nyanya. Nikakumbuka mwiko niliotumwa Manzese kuuazima. Nikakumbuka wagonjwa wote niliotumwa kuwatazama, waliokuwa wazima.

"Mtoto vipi?" nikauliza.

"Amenyonya, amecheka, amelala mchana kutwa."

Nikasogea mlangoni nimchungulie kidogo tu. Zuhura akanyoosha mguu wake akaziba kizingiti, bila kuinua macho kwenye sindano.

"Temeke umeshakwenda," alisema. "Sasa kesho nikutume wapi?"